Sweet Home 3D haijui tofali la inchi sita: mwongozo kamili wa kuchora nyumba yako

Ukifungua Sweet Home 3D leo, ukabofya kitufe cha kuta na kuanza kuchora bila kugusa mpangilio wowote, utapata ukuta wenye unene wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 250. Huo ni ukuta wa kutenganisha vyumba wa nyumba za Ulaya: fremu nyembamba, bodi ya jipsamu huku na huku, basi. Programu hii aliianzisha Mfaransa, Emmanuel Puybaret, ikaanza kutolewa mwaka 2006, na ina akili ya huko ilikozaliwa. Wewe unajenga kwa tofali la saruji la inchi 6, plasta ndani na nje, bati juu. Usipoifundisha hayo mapema, utatoka na ramani ya kupendeza kwenye skrini ambayo kiwanjani inakosa nafasi ya kufungua kabati.

Mimi si msanifu majengo. Ni mtu niliyeanza kwa kuchora nyumba yangu, kisha ya shemeji, kisha majirani wakajua njia ya kuja kwangu. Nimeichagua programu hii kwa sababu ni ya bure kabisa, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na kompyuta yangu ya mtumba inaiendesha bila kulalamika sana. Mimi natumia menyu zake za Kiingereza, kwa hiyo humu nitakuelekeza kwa mahali kitu kilipo na kazi yake.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Mchoro utakaoutoa humu ni wa kujipanga, kuelewana na familia na kumpa msanifu kitu cha kuanzia. Ramani ya kuombea kibali cha ujenzi halmashauri ni kazi ya msanifu aliyesajiliwa (kwa Tanzania na AQRB, kwa Kenya na BORAQS), na nondo na zege ni za mhandisi. Ila ukienda kwa msanifu na mchoro wenye vipimo badala ya picha uliyoipakua kwenye simu, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Kabla ya ukuta wa kwanza

Fungua mpangilio wa programu; kwenye Windows na Linux uko kwenye menyu ya faili. Kwanza chagua kipimo. Sentimita ndiyo rahisi zaidi kuandika. Fundi ukimwambia 378 au mita 3.78 anaelewa vyote. Futi na inchi zipo pia, lakini ukichanganya futi za dirishani na mita za kiwanjani ndani ya faili moja utajichanganya mwenyewe.

Kisha badilisha unene wa ukuta mpya. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15. Plasta ya sentimita moja na nusu kila upande inaongeza 3. Andika 18. Kama unajenga kwa tofali la inchi 5, andika 15.5 hivi. Kimo cha ukuta mpya weka 300, na sababu yake nitaieleza kwenye madirisha.

Hapo hapo tafuta sehemu inayosema faili ihifadhiwe kwa dharura kila baada ya dakika kadhaa, upunguze hadi 2. Anayeishi kwa umeme wa kukatika hahitaji maelezo. Na hata hivyo usiitegemee hiyo peke yake: kila unapomaliza hatua, hifadhi kwa jina jipya, nyumba01, nyumba02, nyumba03. Faili ni ndogo, na siku mama mwenye nyumba atakaposema "ule mpangilio wa juzi ulikuwa mzuri zaidi", utamfungulia.

Mtego wa mstari wa katikati

Hapa ndipo wengi wanaanguka, nami nilianguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Unapochora ukuta, programu inapima urefu kwenye mstari unaopita katikati ya unene wa ukuta. Unene unagawanywa nusu kwa nusu, huku sentimita 9 na huku 9. Ukichora chumba cha 300 kwa 300, unachokiona kwenye kipimo cha ukuta ni 300, lakini ndani, plasta kwa plasta, umebaki na 282.

Sentimita 18 unaweza kuziona kidogo. Chumba nilichomchorea shemeji kilikuwa hivyo hivyo. Kitanda cha 5 kwa 6 kina urefu wa sentimita 183. Ukiongeza ubao wa kichwani na wa miguuni kinafika 200. Mbele yake liko kabati la sentimita 60. Kwenye hesabu ya 300 unabaki na 40, mtu anapita kwa ubavu. Kwenye ukweli wa 282 unabaki na 22. Mlango wa kabati haufunguki. Tuligundua msingi ukiwa umeshachimbwa, na ilibidi mtaro mmoja usogezwe. Fundi alikuwa muungwana, akadai soda tu na posho ya vijana wawili.

Kanuni ya kujikinga ni fupi. Ukitaka chumba chenye nafasi ya ndani ya 360, chora mstari wa 378: ongeza unene wa ukuta mmoja. Ukitaka nyumba yenye upande wa nje wa mita 11, chora 1082: punguza unene wa ukuta mmoja. Usichore kwa kukisia na kipanya. Bofya mahali ukuta unapoanzia, bonyeza Enter, kisha andika urefu na pembe kwa tarakimu. Kama kishale kinaganda kwenye pembe za nyuzi 15 au kwenye ukuta wa jirani usioutaka, shikilia Alt (kwenye Windows) wakati unasogeza; usumaku unazimika hadi uiachie.

Kuna faida iliyojificha kwenye huu mstari wa katikati. Fundi anapotandaza kamba anapima tofali tupu, plasta haipo bado. Mchoro wenye kuta za 18 unamdanganya kidogo. Sasa, ukimaliza ramani, hifadhi nakala, chagua kuta zote kwa mkupuo, fungua dirisha la kurekebisha kuta na ubadilishe unene kuwa 15. Mistari ya katikati haisogei hata chembe; ni unene tu unaopungua. Una ramani mbili za nyumba ile ile: moja ya kupangia fenicha, nyingine ya fundi. Andika kabisa pembeni ya kila moja, "vipimo baada ya plasta" na "vipimo vya tofali tupu". Mistari ya kuonyesha vipimo lakini haifuati kuta zinapobadilika, kwa hiyo iweke mwishoni kabisa, kwenye kila nakala peke yake, kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta.

Jambo jingine la kuta: zungusha kuta za nje kwa mwelekeo mmoja, kama mshale wa saa. Kila ukuta una upande wa kushoto na wa kulia kulingana na ulikoanzia. Ukizunguka kama mshale wa saa, kushoto kote ni nje. Siku ya kupaka rangi unachagua kuta zote za nje, unaweka rangi upande wa kushoto, mara moja umemaliza. Aliyechora ovyo atakuta sebule moja ina rangi ya nje na ukuta wa barabarani una rangi ya chumbani. Dawa yake ipo, amri ya kugeuza mwelekeo wa ukuta, lakini utaipiga ukuta kwa ukuta.

Ukiwa na mchoro wa mkono

Watu wengi wanakuja na karatasi. Mwambie achore kwenye daftari la hesabu, la viboksi, boksi moja liwe nusu mita. Piga picha kwa programu ya simu ya kuskani hati, ile inayonyoosha kingo, maana picha ya kawaida iliyopigwa kwa kuinamia inafanya upande mmoja wa nyumba uwe mrefu kuliko mwingine. Iingize kama picha ya nyuma kupitia menyu ya ramani. Programu itakuomba uburute mstari wa rangi juu ya kitu chenye urefu unaojulikana, kisha uandike urefu huo.

Tumia upande mrefu kuliko yote. Kosa la milimita mbili kwenye mlango linakuwa kosa kubwa kwenye nyumba nzima. Kwenye upande wa mita 11 halionekani. Ukishaweka, pima kitu cha pili kinachokwenda upande mwingine. Kikikataa, picha imepinda, rudia kuipiga.

Picha hiyo ni ya kukuongoza tu. Urefu bado uandike kwa tarakimu.

Milango, madirisha na hesabu ya kozi

Fundi hajengi kwa sentimita, anajenga kwa kozi, yaani mstari mmoja wa matofali juu ya mwingine. Tofali lililosimama lina kimo cha inchi 9, na saruji ya katikati karibu inchi moja, kwa hiyo kozi moja ni sentimita 25 hivi. Ukilijua hilo, namba zote za kwenda juu zinapangika zenyewe. Kozi tatu ni 75, hapo linaanza dirisha. Kozi tisa ni 225, hapo linakaa linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Dirisha la futi 5 linaingia kati ya hizo mbili bila kukata tofali. Juu ya linta kozi mbili, na umefika karibu na 300. Ndiyo sababu nilikwambia uweke kimo cha 300 na si 280 wala 310: namba isiyoendana na kozi inamlazimisha fundi kukata tofali mstari mzima, na tofali la kukatwa ni hela.

Kozi zinahesabiwa kutoka kwenye jamvi, zege la chini la sakafu. Programu inahesabu kutoka kwenye sakafu iliyomalizika. Kati ya hapo kuna sakafu ya saruji na vigae, sentimita 5 au zaidi. Ukiwa unataka usahihi, dirisha lianzie 70 kwenye programu na si 75, na kimo cha ukuta kiwe 295. Kwa mchoro wa kuamulia vyumba mimi siendi mbali hivyo. Kwa mlango ni lazima ufikirie: pengo la 225 kutoka jamvini linabaki 220 vigae vikishaingia, na fremu inataka nafasi yake.

Kuweka dirisha ni kuburuta kutoka kwenye orodha ya kushoto hadi ukutani; linajipanga lenyewe na kutoboa ukuta. Kisha bofya mara mbili ulipe vipimo vya kwetu, kwa sababu yaliyomo kwenye orodha yana vipimo vya kwao. Likikaa bila kutoboa, mara nyingi umelidondosha kando ya ukuta badala ya juu yake, au umbali wake kutoka sakafuni umelipeleka juu kuliko ukuta. Ukishatengeneza dirisha moja la futi 5 kwa 5 likakupendeza, nakili na kubandika hilo hilo kwa mengine yote. Usirudi kwenye orodha.

Vyumba na fenicha

Chagua kitufe cha vyumba na ubofye mara mbili katikati ya eneo lililozungukwa na kuta. Chumba kinajijaza chenyewe na kuonyesha mita za mraba za ndani, baada ya plasta. Kikikataa, kuna kona ambayo kuta mbili hazijashikana. Kuza picha uangalie kona moja moja. Utaikuta ile yenye mwanya wa kidole. Kitendo hiki ni kipimo kizuri cha uchoraji wako kuliko macho.

Fenicha weka zile mlizonazo kweli. Pima kochi la nyumbani kwa futikamba, weka namba zake. Kitanda cha 5 kwa 6 ni 152 kwa 183, cha 6 kwa 6 ni 183 kwa 183, na ongeza mbao zake. Jokofu, jiko la gesi na mtungi wake, pipa la maji lililo jikoni kwa sababu bomba halitoki kila siku: yote hayo yapewe mahali. Kwenye orodha hutakuta pipa la maji la kwetu. Chukua umbo lolote la mviringo au boksi, lipe vipimo, lipe jina. Hakuna anayekukagua.

Vigae ni rahisi. Piga picha ya kigae kimoja ukiwa umesimama juu yake sawasawa, ukate kingo, kisha kiingize kama tekscha (picha ya kufunika uso wa kitu) na uandike upana wake halisi, 40 au 60. Programu itakitandaza chumba kizima kwa ukubwa wa kweli, na unaweza kuhesabu vipande vitakavyokatwa mlangoni.

Leveli zitumike kama tabaka

Programu hii haina tabaka za kutenganisha sehemu za mchoro kama zile za AutoCAD, programu ya kuchorea ya wasanifu. Ina leveli za ghorofa. Lakini kuna amri ya kuongeza leveli kwenye kimo kile kile, na hiyo ndiyo njia ya kupenyea. Ongeza leveli ya kimo kile kile uiite Umeme, uweke humo alama za swichi na soketi. Nyingine Mabomba. Nyingine Paa. Kila moja unaweza kuifanya ionekane au isionekane. Unapomchapishia fundi umeme, unamwonyesha kuta na umeme tu, makochi yasimchanganye.

Ukishakuwa na leveli unaweza pia kuinua nyumba. Kwetu nyumba hukaa juu ya msingi, si usawa wa ardhi, hasa mahali ambapo mvua za masika zinatembea mlangoni. Fungua dirisha la kurekebisha leveli ya chini, kwenye kimo chake andika 60, na vyote vilivyo kwenye leveli hiyo vinapanda. Chini yake litabaki pengo linaloelea. Lizibe kwa leveli ya kimo cha 0 yenye kuta za sentimita 23, ambao ndio upana wa tofali la kulaza, na kimo cha 60. Baada ya hapo ngazi za barazani zitakukumbusha kwamba nazo zinakula nafasi ya kiwanja.

Paa, kichwa kinachouma

Sweet Home 3D haina kifaa cha paa. Nimeona watu wakiiacha programu kwa sababu hiyo tu. Kuna njia tatu, na ninatumia mbili.

Ya kwanza ni ya paa la pande mbili, kwa mikono. Tuchukue nyumba ya nje mita 11 kwa 8.4, mteremko nyuzi 25, upenu sentimita 60 kila upande. Kofia ya paa, ule mstari wa juu ambapo pande mbili zinakutana, inakwenda na ule urefu wa mita 11. Chukua kikokotoo cha simu, ukigeuze kwa upana kionyeshe tan na cos, na uhakikishe kiko kwenye nyuzi.

Nusu ya upana wa nyumba ni 4.2. Zidisha kwa tan ya 25, ambayo ni 0.4663: unapata 1.96. Kwa hiyo ncha ya ukuta wa pembeni inafika 3.00 jumlisha 1.96, yaani sentimita 496. Ukuta huo wa pembeni ugawe katikati kwa amri ya kugawa ukuta. Kila nusu ifungue, chagua kimo kinachobadilika, ipe 300 mwanzo na 496 mwisho, au kinyume chake kutegemea ulikoanzia kuchora. Pembetatu imepatikana.

Sasa bati. Kutoka kofia hadi ukingo wa upenu, kwa kulala, ni 4.2 na 0.6, yaani 4.8. Gawa kwa cos ya 25, ambayo ni 0.9063: unapata 5.30. Chukua boksi kutoka kwenye orodha ya vitu mchanganyiko, lipe upana 530, kina 1220 (mita 11 na upenu wa pande mbili), kimo 5. Ligeuze nyuzi 90 kwenye ramani ikiwa nyumba yako imelala. Kisha kwenye sehemu ya kuinamisha, mhimili wa ulalo, andika 25. Likiinama upande usiotakiwa, andika 335. Umbali kutoka sakafuni ni ncha ya chini kabisa ya upenu: 0.6 mara 0.4663 ni 0.28, toa kwenye 3.00, andika 272. Boksi la pili ni nakala yenye mwinamo wa kinyume. Yasogeze yakutane juu. Piga picha ya bati ulilopenda dukani, liwe tekscha.

Hesabu hiyo ina kazi nyingine. Paa hilo ukilipima kutoka juu, kwenye ramani, ni 9.6 kwa 12.2, mita za mraba 117. Bati lenyewe, kwa mteremko wake, ni 5.30 mara 12.2 mara mbili: 129. Mtu aliyenunua bati kwa kipimo cha ramani amepungukiwa mita za mraba 12 kabla hata ya kuhesabu mapishano na vipande vya kukata. Nimeona kupaua kukisimama siku mbili kwa ajili hiyo, mafundi wamekaa juu ya kenchi wanapiga soga.

Njia ya pili ni ya paa la pande nne. Hapo boksi halikusaidii kwa sababu pande mbili ni pembetatu. Ipo plagini (kiongezeo cha programu) ya kutengeneza paa kwenye ukurasa wa plagini wa tovuti ya programu. Faili lake linaishia na sh3p, unalibofya mara mbili linajisakinisha. Inatosha kwa nyumba yenye umbo la kawaida.

Njia ya tatu ni kuchora paa kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, kulitoa kama faili la OBJ na kuliingiza kama fenicha. Anayeijua Blender tayari, afanye. Asiyeijua asijifunze Blender kwa ajili ya paa moja.

Kwa njia yoyote, paa likae kwenye leveli yake uweze kulizima unapotaka kuona ndani.

Jua la saa kumi

Kwenye ramani kuna duara la dira ambalo wengi wanalifuta kwa kuona linachafua mchoro. Usilifute. Bofya mara mbili, weka latitudo na longitudo za kiwanja. Dar es Salaam ni nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki. Chagua saa za Afrika Mashariki, kisha geuza kaskazini ilingane na kiwanja chako, si na ukingo wa karatasi.

Ukitengeneza picha kwa ubora wa juu, unaweza kuchagua tarehe na saa. Saa kumi jioni andika 16:00. Jaribu Juni na Desemba. Dar mwezi Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba linahamia kusini, karibu nyuzi 17. Lakini la kuogopa ni la magharibi, linaloingia chini ya upenu wowote mwaka mzima. Ukiona kwenye picha mwanga umefika hadi kitandani saa kumi na moja, sogeza chumba cha kulala, weka choo na stoo upande huo. Kuhamisha chumba kwenye skrini ni bure.

Kuona nyumba kwa mbele, bila kupinda

Watu wanataka picha ya mbele iliyonyooka kama ya msanifu. Programu haina mchoro huo, lakini inaweza kuigiza. Fungua mpangilio wa mgeni anayetembea ndani ya nyumba. Mweke mita 60 mbele ya nyumba, macho yake kwenye kimo cha 150, mwinamo wa kichwa 0, na upana wa kuona upunguze kutoka uliopo hadi nyuzi 15. Ni kama kupiga picha kwa lenzi ndefu: kwa umbali huo anaona upana wa karibu mita 16, nyumba ya mita 11 inajaa vizuri, na kuta haziinami tena kuelekea katikati. Rudia pande zote nne. Si mchoro wa kupimia, ila mafundi wa rangi wanaupenda.

Kompyuta ikizidiwa

Kwenye mpangilio wa programu, alama za fenicha kwenye ramani ziwe picha ndogo za orodha, si muonekano wa juu. Hilo peke yake linapunguza uzito. Buruta ule mstari unaotenganisha ramani na sehemu ya 3D hadi 3D ifichike wakati unachora kuta. Usipakue magari na miti yenye majani elfu kumi kwa ajili ya pambo. Picha za ubora wa mwisho zianzishe usiku ukienda kulala, na hakikisha kwanza kwamba LUKU, mita ya umeme, ina yuniti.

Kuchapisha

Kwenye mpangilio wa ukurasa chagua kipimo mwenyewe, usiache programu ijipangie. Kwa nyumba ya mita 11 kwa 8.4, kipimo cha 1 kwa 50 kinatoa mchoro wa sentimita 22 kwa 16.8. Kwenye A4 unaingia kwa kubanwa na mistari ya vipimo inakatwa, tumia A3. Ondoa fenicha kwenye nakala ya fundi. Toa PDF, kwa sababu stationari haitakuwa na Sweet Home 3D. Kama msanifu wako anataka kuuendeleza mchoro kwenye AutoCAD, toa ramani kama faili la SVG, ifungue kwenye programu ya Inkscape na uihifadhi kama DXF, aina ya faili ambayo AutoCAD inaifungua.

Stationari mwambie kijana achapishe kwa ukubwa halisi. Kompyuta nyingi zimewekwa kutosheza mchoro ndani ya ukurasa, na hapo 1 kwa 50 inageuka kuwa 1 kwa 53 bila mtu kujua. Beba rula. Kabla hujalipa, pima upande wa mita 11 kwenye karatasi: uwe sentimita 22 kamili. Ikisoma 20.8, rudisha karatasi, mwambie achapishe tena.